Kovu Lililohama Shavu

Siku ya kwanza kazini nilichora mkulima, na Mkuu wa Kitengo akacheka hadi akavua miwani. Ofisi yetu ya vitabu vya watoto ilikuwa chumba kimoja mjini Kigoma, jirani na stesheni ya reli. Mimi nilikuwa binti wa Mwandiga niliyetoka chuo cha ualimu, najua kuchora ubaoni na si zaidi. Mkuu, mtu wa Iringa aliyehamishiwa kwetu na asiyechoka kulalamikia joto, alinipa patasi ndogo na kipande cha lino, yaani ule mpira mgumu wa kuchonga. Nikachora mkulima anakata mkungu wa ndizi kwa panga. Nikachonga, tukapaka wino, tukachapa. Akatoka mtu wa mashoto.

"Binti, kwani ninyi Waha wa huku wote mnashika panga kwa kushoto?"

Kwa ninyi mnaochorea kwenye kompyuta, nieleze kidogo. Mchoro wa lino ukichapwa hugeuka, kulia kukawa kushoto. Ndiyo maana tulichora kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, tukaibandika kwenye lino uso chini, kisha tukachonga juu yake. Patasi ilikula karatasi pamoja na mpira, kwa hiyo mchoro wa awali haukubaki. Ukikosea, unaanza upya. Ilinichukua mwaka mzima kuizoea kazi hiyo, na nilipoizoea nikawa na majivuno. Mhariri wetu, mama mmoja mkali wa Ujiji, alikuwa akikata maneno ya hadithi nilizoandika kila ukurasa. "Mtoto anasoma picha kwanza," alisema. "Hadithi yako ifuate picha, isiipande kichwani." Nilinuna, lakini alikuwa na haki.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Watu wa Burundi walishuka milimani hadi kijiji cha Kagunga mpakani, wakalala ufukweni mwa ziwa kwa maelfu wakisubiri meli ya kuwaleta mjini. Kigoma tulizoea kupokea wageni, lakini si kwa namna ile. Tuliletewa agizo la vitabu vya shule za kambini, na Mratibu wa Elimu akasisitiza jambo moja: "Nataka watoto wajione wenyewe humo ndani. Na wawe wanacheka."

Nikajipeleka kituo cha mapokezi kando ya ziwa kutafuta sura. Huko nilimkuta msichana wa miaka kama sita, amekaa peke yake juu ya gunia. Chini ya jicho la kushoto alikuwa na kovu la moto, limejikunja. Wauguzi walimwita Riziki kwa sababu hakuwa amesema jina lake, wala neno lolote. Alishuka kwenye meli hana mtu. Asubuhi mbili nilikaa mbele yake nikichora. Hakukataa, hakukubali, aliniangalia tu. Nilimchora uso wake kama ulivyo, nikaongeza tabasamu ambalo hakuwa nalo.

Kitabu kilikuwa cha msichana anayekwenda shule siku ya kwanza. Uso wa Riziki ndio uliokuwa jalada. Wiki ile karatasi zetu nyembamba zilikwisha, nikatumia karatasi nene za msaada. Nene haipitishi mwanga, ukiibandika uso chini huoni cha kuchonga. Nikaibandika uso juu, nikijiambia kwamba uso wa mtoto hauna kulia wala kushoto kama panga.

Nakala ya kwanza ilipotoka niliona mara moja. Kovu lilikuwa limehamia shavu la kulia. Nikampelekea Mkuu.

"Nichonge tena? Siku mbili tu."

"Lori la kambini linaondoka kesho," alijibu. "Hiki ni kitabu, binti, si kitambulisho. Nani atajua?"

Ningeweza kubisha. Nilikuwa nimebishana naye kwa mambo madogo kuliko hilo. Lakini nilikuwa nimechoka, na zaidi ya uchovu, niliupenda uchongaji wangu. Nywele zilitoka vizuri, masikio yalitoka vizuri. Nikachapa nakala zote, vitabu vikapakiwa.

Miezi miwili baadaye nilitumwa kambini kusomea watoto. Nilipomaliza, mama mmoja mwembamba alinisubiri nje ya darasa la turubai. Alikishika kitabu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye umemchora huyu?"

"Marahaba. Ndiye mimi, dada."

"Ni uwanje," alisema. Ni wangu. "Nimemjua kwa masikio. Masikio haya ni ya baba yake."

Alinisimulia akiwa amesimama. Pale Kagunga alimpandisha mtoto kwenye boti ya kwenda melini, akarudi kumbeba mama yake mzazi. Boti ikaondoka. Yeye aliletwa safari nyingine na kupelekwa moja kwa moja kambini. Siku alipokiona kitabu mikononi mwa mtoto wa jirani, alikimbia nacho hadi kwa Afisa wa Kuunganisha Familia.

Afisa yule hakuwa mtu mbaya. Kazi yake ilikuwa na utaratibu wake, na niliuheshimu hata baada ya yote: watoto walikuwa wakidaiwa na watu wasio wao, kwa hiyo kila anayedai aliulizwa alama ya mwili kabla ya kuonyeshwa chochote. Alikichukua kitabu, akakifunika mezani, akauliza. Mama akasema kovu la moto, chini ya jicho la kushoto. Afisa akalifunua jalada. Hakuwa na mtoto mbele yake, alikuwa na mchoro wangu tu.

"Mama, huyu kovu lake liko kulia."

"Lakini wangu ni kushoto."

"Basi huyu si wako."

Alirudi mara tatu, na mara zote tatu alisema kushoto. Alikwisha kuliona jalada vizuri. Angekuwa mwongo angesema kulia, na angepewa barua ya kwenda mjini siku hiyohiyo.

Nilimwambia pale pale kwamba kosa ni langu, tukaenda kwa Afisa pamoja, nikamweleza habari ya lino na karatasi nene. Alinisikiliza, akashika kichwa. Kesho yake alitupakia kwenye gari lake, tukateremka mjini. Njia nzima yule mama alikuwa akijitengeneza kitambaa kichwani.

Pale kituoni Muuguzi Mkuu alifungua daftari lake, akafuata mistari kwa kidole, kisha akakifunga na kutuomba tukae. Riziki alikufa kwa kuhara. Alizikwa na kituo, upande wa mlimani. Afisa alihesabu siku kwa sauti ndogo, nadhani hakujua kwamba tunamsikia. Tangu mama alipofukuzwa mara ya kwanza, mtoto aliishi siku kumi na moja. Kutoka kambini hadi pale ni safari ya asubuhi moja.

Nilichonga jalada upya. Mkuu alinisaidia kukata karatasi. Nilifanya kazi ile miaka mingine mingi, chini ya wakuu wanne, na wachoraji niliowafundisha wananikumbuka kwa ukali juu ya makosa madogo. Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani na kunisifia jicho langu: eti nikimtazama mtu mara moja simsahau. Sasa nimestaafu, naishi Buzebazeba, na watu wakiniuliza habari za vitabu vyangu nawasimulia haya niliyoandika hapa. Huwa naishia kwenye daftari la muuguzi. Yaliyofuata sijamwambia mtu.

Siku ileile tulipanda mlimani, mimi na yule mama, nyuma ya muuguzi. Makaburi ya watoto yalikuwa mafupi, hayana majina, na muuguzi alituonyesha la tatu kutoka mwisho. Mama alikaa chini. Hakulia wakati ule. Aliniuliza, "Ulikaa naye siku mbili. Alikuwa bado na sweta? Nilimvalisha langu pale kwenye boti. Lilimfika magotini."

Mimi nilikuwa nimechora kuanzia kidevu kwenda juu. Chini ya hapo sikuwa nimetazama. Nilitaka apate kitu cha kuondoka nacho.

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa nalo."

Akainua macho.

"La rangi gani, mama?"

Alinisubiri kwa muda, bila hasira, kama alivyokuwa amesubiri kila mahali. Kisha akaitikia kwa kichwa, akanigeuzia mgongo, akaanza kung'oa majani juu ya kaburi.