Shaka ni la Askari

Siku yangu ya kwanza kazini, karani mkuu alinionya kabla sijapata hata kiti. "Mkalimani ni bomba," akasema. "Kinachoingia ndicho kinachotoka. Usitie sukari."

Nilikuwa nikitoka Pumwani kwa miguu hadi mjini, kwenye baraza la rufaa za pensheni za vita. Miaka ile ya hamsini, askari waliorudi kutoka Burma walikuja mmoja mmoja, huyu mguu, yule kifua. Na sheria yenyewe, wanangu, mngeishangaa. Askari hakutakiwa kuthibitisha kwamba vita ndivyo vilivyomuumiza; ni serikali ithibitishe kwamba sivyo. Likibaki shaka la kweli, ni la askari. Lakini wee, sheria ni kitu kimoja na wanaoisoma ni kitu kingine.

Bwana Salim alikuwa mkaanga mahamri wa Majengo. Tangu bomu lipasuke mbele yake kule Burma, macho yalizidi kufifia. Daktari wa serikali akasema ni moshi wa kuni tu. Rufaa ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Akishindwa, mkewe, Bi Zuhura, angebaki na karai la mafuta na mume asiyeona.

Bwana Salim akaapa kwa Msahafu. Mwenyekiti, Mzungu mwenye mvi, akamuuliza kama ana hakika kwamba ni bomu.

"Nadhani ni bomu," akajibu. "Ajuaye ni Mungu."

Ya Rabi! Mtu wetu akishika Msahafu hathubutu kujipa ujuzi wa Mungu, na hapo ndipo wengi walipojiangusha. Nilitafsiri vilevile, roho mkononi. Wakili wa serikali akasema basi, mwenyewe hana hakika.

Mwenyekiti akamgeukia daktari. "Na wewe, una hakika ni moshi?"

Daktari akajikohoza, akasema yaelekea hivyo. Akabanwa tena, akakiri kwamba hawezi kuapa. Mwenyekiti akanong'ona na wenzake, kisha akatamka kwamba shaka limebaki, na ni la askari. Rufaa imekubaliwa.

Nikamtafsiria. Bi Zuhura alilia. Bwana Salim aliuliza tu, "Wameniamini?"

Uamuzi haukusema hivyo, ulisema tu shaka limebaki, nami nilikatazwa sukari. Nikalipeleka swali kwa Kiingereza kama lilivyo. Mwenyekiti alikuwa ameshasimama. Akakaa tena.

"Mwambie ndiyo."

Nimestaafu zamani, na macho yangu nayo yameanza kufifia. Mengi niliyoyatafsiri nimeyasahau. Hilo neno moja sijalisahau. Nililitoa kama nilivyolipokea, bila sukari.