Mguu wa Kushoto

Fundi alikuwa mchomeleaji wa mageti, na jioni alifundisha karate palepale karakanani, akishasogeza mitungi ya gesi pembeni na kufagia vipande vya chuma visichome nyayo za watu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Mguu uinuke, utue," aliwaambia wanafunzi. Hatua ile aliipokea kwa mwalimu wake, na hakuthubutu kuigusa.

Siku moja geti likamwangukia. Walikuwa wakilishusha kwenye gari, kamba ikakatika, goti la kushoto likasagika. Daktari alilifunga, akalifungua, akaguna. Fundi akarudi kazini akichechemea, na kwa ukaidi wake akaendelea kufundisha.

Ndipo alipokuja binti wa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mwembamba hata wakamwita Sindano. Wanafunzi wa zamani walikuwa wameshatawanyika, huyu kazi, yule ndoa, kwa hiyo binti hakuwa na wa kumwiga ila Mwalimu mwenyewe. Akamwiga kama kivuli. Fundi alimwona anaburuta mguu wa kushoto, akamkemea.

"Uinue!"

"Ndiyo, Mwalimu." Akauinua. Kesho yake akauburuta tena. Macho yake yaliamini miguu kuliko maneno. Maumivu yalipomzidi Fundi akachoka kukemea, akajisemea, akikua ataacha.

Goti lilikataa kabisa, darasa likafa. Sindano akaolewa upande wa pili wa mji, akafungua ukumbi wake wa karate. Miaka ikapita, kisha asubuhi moja akasimama mlangoni pa karakana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa! Tukuite Mkuki sasa?"

Alicheka. Jumamosi wanafunzi wake walikuwa wanapandishwa mikanda, alitaka wamwone mwalimu wa mwalimu wao.

Mkewe Fundi alilitoa lile vazi jeupe la karate sandukuni, akalipiga pasi. Halikufunga tumboni. "Nguo imerudi, au wewe umetangulia mbele?" akamuuliza. Fundi akaenda na shati la kawaida.

Ukumbi ulikuwa ghorofani, juu ya duka la mbao. Watu walijaa, wakubwa kwa watoto, safi kama maziwa. Sindano akatoa amri. Miguu yote ya kushoto ikaburuzwa sakafuni kwa pamoja: shwaaa.

Fundi alihisi kama kamwagiwa maji. Kijana mwenye mkanda mweusi aliyeketi naye akamwinamia. "Hapo, mzee, mguu unasikiliza ardhi. Adui hajui uzito wako uko wapi. Mitindo mingine haina hiyo."

"Nani kakwambia?"

"Si ndiyo mtindo wetu? Umetoka kwako."

Walipopumzika, Fundi alimvuta Sindano pembeni. "Mwanangu, ile hatua ni kosa. Ni goti langu bovu."

Sindano alitabasamu, akidhani mzee anajishusha. Alipomtazama vizuri tabasamu likafutika. "Lakini mimi nimekukuta hivyo, Mwalimu."

"Ulinikuta geti limeshaniangukia."

Sindano akawatazama wanafunzi wake. "Basi waonyeshe ilivyo."

Fundi akasimama mbele, mgongo kwa darasa, uso kwenye kioo cha ukutani, akavuta pumzi. Akauamuru mguu uinuke. Paja lilisikia, goti halikusikia. Mguu ukaburuzika. Nyuma yake ukumbi mzima ukajibu: shwaaa.

"Siyo hivyo!" Akajaribu tena. Shwaaa. Alipogeuka aliona mtoto mmoja amekunja uso na kung'ata mdomo, sawasawa na alivyofanya yeye kwa maumivu.

"Mwalimu," Sindano alimnong'oneza, "nikiwaambia waache, niwape ipi? Hiyo nyingine sijawahi kuiona."

Fundi akawapitia kichwani waliowahi kuiona. Mmoja amekufa. Mmoja yuko ughaibuni, hata namba yake ya simu Fundi hana. Wa tatu alikutana naye sokoni juzijuzi, akamwambia karate ilikuwa utoto tu, Fundi, nimesahau yote.

Nyumbani alimsimulia mkewe. Mama yule alicheka, kisha akaacha. "Na huyo mwalimu wako, yeye alikuwa mzima?"

Fundi akamkumbuka mzee. Mwalimu wake alibeba magunia ghalani maisha yake yote, na kabla ya kupiga ngumi alishusha bega la kulia. Fundi alichapwa sana mpaka alipojua kulishusha hivyo. Akanyoosha ngumi hewani, palepale sebuleni. Bega likashuka. Akajaribu kulizuia, likashuka. Na wa kumuuliza alishazikwa.

Sindano hakumpuuza. Aliwafundisha wanafunzi kuinua mguu kwa kubahatisha, nao wakawa wanajikwaa. Yakaja mashindano, wakasahau, wakaburuta, wakashinda. Habari hizo Fundi alizipata kwa baba yake Sindano, siku alipokwenda kunyolewa ndevu.

"Kumbi nyingine nazo zimeanza kuiga!" kinyozi alisema kwa furaha. "Hatua yako hiyo, Fundi. Unafurahi?"

Wembe ulikuwa shingoni. Fundi hakuweza hata kutikisa kichwa.