Kiboksi kilichogoma siku ya masikio Mikumi

Saa nne asubuhi, madirisha yote ya chumba cha nyuma cha ukumbi wa parokia, Mikumi, yamefungwa ili kelele za malori ya barabara kuu zisiingie. Celestina Ngassa amepiga magoti sakafuni mbele ya kompyuta mpakato iliyowekwa juu ya kiti. Ameshika waya wa USB kwa vidole viwili. Anauchomeka. Kompyuta inatoa mlio mfupi, kisha maandishi yanajitokeza kwenye kona ya kioo: kifaa hakitambuliki.

Anauchomoa. Anatulia kidogo, anauchomeka kwenye tundu la upande wa pili. Maandishi ni yale yale.

Nyuma yake ameketi mzee Kisio, mfugaji wa Kimaasai anayekaribia miaka sabini. Shimesikio mbili mpya, vile vifaa vidogo vya kumsaidia mtu kusikia, zimeshamkaa nyuma ya masikio. Kutoka kwenye kila moja unashuka waya mwembamba hadi kwenye kiboksi cha kijivu kilichopo mezani. Kiboksi hicho ndicho kinachotakiwa kuunganishwa na kompyuta, ili kompyuta ipange sauti zipi ziongezwe na zipi zipunguzwe kulingana na masikio ya mzee. Isipokubali, shimesikio zinabaki kuwa mapambo.

"Baba anauliza kama tayari," anasema Lenku, mtoto wa mzee, aliyekuja kutafsiri.

"Mwambie bado, kaka yangu. Naomba anivumilie."

Lenku anamwinamia baba yake na kupaza sauti kwa Kimaasai, mpaka watu wanaosubiri nje wanachungulia mlangoni.

Celestina, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ni fundi wa kliniki ndogo ya masikio mjini Kilosa. Yeye si daktari. Mtaalamu wa kupima usikivu ni Perpetua, mwanamke mpole anayemwita "mdogo wangu". Perpetua akimaliza kupima, Celestina ndiye anayehakikisha kwamba mashine, nyaya na kompyuta vinafanya kazi. Mara moja kwa mwezi wawili hao hupakia vifaa vyao kwenye gari na kuwafuata wagonjwa wasioweza kufika Kilosa.

Alizaliwa Mvumi, wilayani Kilosa, katika familia ya Kisukuma iliyohamia huko na ng'ombe wake kutoka Maswa. Alipokuwa darasa la pili sikio lake la kulia lilianza kutoa usaha, na halikupona vizuri.

"Darasani nilikuwa nakaa ukutani upande wa kulia, ili sikio zima liwaelekee wenzangu," anasema. "Mwalimu alidhani nina maringo. Na mimi sikujua jinsi ya kumweleza."

Baada ya sekondari alijifunza ufundi wa kompyuta Morogoro, akarudi Kilosa na kukaa kwenye kona ya duka la vifaa vya ofisi, akitengeneza printa na kusafisha virusi. Siku moja Perpetua aliingia na kiboksi cha kijivu kilichokatika waya. Celestina akauunga, kisha akauliza kiboksi hicho ni cha kazi gani. Perpetua akamwambia aje aone mwenyewe. Hakurudi tena kwenye kona ile.

Leo tatizo limeanza na jambo jema. Kompyuta ya zamani ya kliniki ilikufa, ikanunuliwa mpya. Asubuhi hii, wakati Celestina anapanga viti, Perpetua alitaka kumpunguzia kazi, akachomeka kiboksi kwenye kompyuta mpya kabla haijawekewa programu yake.

"Nilidhani kuchomeka ni kuchomeka tu," anasema Perpetua kwa unyonge.

"Usijali, dada. Hata mimi nilishawahi kufanya hivyo."

Celestina anaanza kwa kuondoa mashaka madogo kwanza. Anachomeka kipanya kwenye tundu lile lile, kinafanya kazi. Basi tundu ni zima. Anabadilisha waya. Taa ya kijani ya kiboksi inawaka, maana yake umeme unafika. Anafungua ukurasa unaoorodhesha vifaa vyote vilivyounganishwa na kompyuta, na pale anakiona kiboksi chake, kimepewa jina lisilo lake, na alama ya njano ya mshangao ubavuni.

Lenku amesogea na kuchuchumaa kando yake. "Kinaumwa nini, dada?"

"Hakiumwi. Kiboksi na kompyuta havielewani lugha. Kuna programu ndogo inaitwa draiva, ndiyo inayokaa katikati na kutafsiri. Yetu haikuwepo, kompyuta ikaokota draiva nyingine isiyohusika."

"Kwa hiyo draiva ni kama mimi hapa."

"Kama wewe kabisa."

"Na sasa hivi mkalimani wenu anajua Kichina, wakati mgonjwa ni Mmaasai."

Celestina anacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mzee Kisio anawaona wanacheka, na uso wake unakunjamana. Mtu asiyesikia huona watu wakicheka na hajui kama ni yeye anayechekwa. Celestina analijua hilo vizuri. Anageuka, anaelekeza kidole kwenye kompyuta, halafu anajigonga kichwani kuonyesha kwamba mjinga ni mashine. Mzee anatikisa kichwa taratibu kukubali.

Anaweka draiva iliyopo kwenye flashi yake. Kompyuta inaikataa: ni ya zamani mno kwa mfumo huu mpya. Anawasha intaneti ya simu yake na kuanza kupakua toleo jipya. Mtandao unakwenda kwa kujivuta. Anaibeba simu hadi mlangoni, anaiegesha juu ya kizingiti, mstari unasogea kidogo, unasimama, unasogea.

Hapo ndipo mzee Kisio anaposimama. Anasema jambo kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu ambao hawasikii sauti zao wenyewe, na mikono yake inapanda kuzivua shimesikio.

"Anasema amechoka kufanywa mtoto," Lenku anatafsiri huku akiangalia chini. "Anasema akitoka hapa hivi hivi, harudi tena. Atazeeka na ukimya wake."

Mkewe, Nalepo, ambaye muda wote amekaa karibu na ukuta, anainuka na kumshika mkono. Anabaki ameushika tu, mpaka mzee anakaa.

Ni Nalepo aliyemleta. Kwa miaka sita usikivu wa mumewe umekuwa ukipungua, na kwa miaka sita amekuwa akikataa kupimwa. Kisha, msimu wa mavuno ya miwa, mzee alikwenda Kidodi kuuza mbuzi. Lori lililojaa miwa lilimpigia honi kutoka nyuma, likapiga tena, na mzee akaendelea kutembea katikati ya barabara. Vijana wawili walimvuta shuka akaangukia pembeni. Yeye akawakemea, akidhani wanampora.

"Niliposimuliwa, sikulala," anasema Nalepo kupitia kwa mwanawe.

Draiva inamaliza kushuka. Celestina anapiga magoti tena. Kwanza anafuta ile isiyohusika, na kuweka alama kwenye kisanduku cha kuiondoa kabisa, maana ikibaki itajirudisha yenyewe. Anachomoa kiboksi. Anaizima kompyuta na kuiwasha upya. Anaweka draiva sahihi, anasubiri iseme imekamilika, na ndipo anapochukua waya.

"Wengi wanakosea hapa," anaeleza bila kuinua macho. "Unaandaa kwanza, halafu ndio unachomeka. Ukimleta mgeni nyumba haijafagiliwa, atakaa popote."

Anauchomeka. Mlio unatoka, safari hii ni mlio mwingine, wa kupanda. Alama ya njano haipo. Kiboksi kimepata jina lake.

Perpetua anashusha pumzi kwa nguvu na kuvuta kiti. Sasa ni zamu yake. Anapanga sauti hatua kwa hatua, akimtazama mzee usoni. Mzee anashtuka feni inapozunguka. Anatazama dari. Anasugua kiganja chake kwenye shuka lake, anausikiliza mchakacho, anasugua tena.

"Mama aje akae nyuma yake," anasema Perpetua, "aongee naye kwa sauti ya kawaida. Asipaze."

Nalepo anakwenda kusimama nyuma ya mumewe. Anamtazama Celestina kama anayeomba msaada, kisha anamwambia mwanawe jambo.

"Anasema hajui aseme nini," Lenku anatafsiri. "Miaka yote hii amekuwa akipiga kelele. Njoo. Kula. Kuna wageni. Ng'ombe wamerudi. Yale mengine ambayo hayafai kupigiwa kelele, aliyaacha."

Kisha Nalepo anasema maneno machache, kwa sauti ndogo ambayo Celestina, kwa sikio lake zima, anaisikia kwa taabu.

Mzee Kisio hageuki. Anajibu kwa sauti ndogo vilevile. Nalepo anaweka kiganja chake begani mwa mumewe na kuinamisha uso.

"Amemuuliza kama amechoka," anasema Lenku. "Baba amesema, ndiyo, nimechoka. Mimi sijawahi kumsikia akisema hivyo."

Celestina anajifanya anakunja waya ambao hauhitaji kukunjwa.

Wiki mbili baadaye, akiwa Kilosa, anapigiwa simu na Lenku. Mzee anazivaa tangu alfajiri, lakini analalamika kwamba upepo wa mbugani unanguruma na ndama wanampasua kichwa. Mama naye, anasema Lenku, haishiwi habari siku hizi.

"Ana haki ya kulalamika," anasema Celestina. "Tulimpangia sauti kwenye chumba kilichofungwa madirisha. Nyumbani kwake kuna ndama, kuna mbwa, kuna upepo."

Ndiyo sababu ya mpango wake mpya, ambao Perpetua ameukubali: kwenda na kiboksi na kompyuta iliyojaa chaji hadi kwenye maboma na mashambani, wawapangie watu sauti pale pale wanapoishi. Wataanza na boma la mzee Kisio, waende Masanze, kisha Mvumi.

Kwenda Mvumi, Celestina ana sababu yake. Mzee Ngassa, baba yake, ameanza kujibu "eeh?" kwa kila anachoambiwa, na redio yake inasikika hadi kwa majirani.

"Yeye anasema masikio yake hayana neno, ni sisi watoto tunaonong'ona," anasema Celestina akitabasamu. "Nikifika sitamwambia nimekuja kumpima. Nitamwomba akae karibu na meza anisaidie kushika waya. Mengine yatafuata."