Sahani Niliyoiacha Nje ya Ripoti

Habari nilizipata katika duka la dawa hapa mtaani kwetu Landless, nilipokwenda kununua dawa ya goti. Binti anayeuza pale aliwahi kuishi katika lile bweni la wasichana wa chuo kule Ruiru ambako nilikuwa nikifanya usafi, na mpaka leo huniita Mathe, yaani mama, kama walivyoniita wote. Alitia dawa kwenye bahasha, kisha akaishikilia asinipe. "Mathe, umesikia? Dada yetu wa ghorofa ametuacha. Ameugua wiki mbili tu." Nikamwuliza dada yupi, ingawa nilijua. Ghorofa ya tatu ilipata madada wengi katika miaka niliyoifagia, lakini ukisema "dada yetu" bila kuongeza neno, ni mmoja. Nikatoka, bahasha nikaiacha pale kaunta. Wasomaji wa safu hii mmenivumilia mengi, kwa hivyo hili nalo nitalisema: kabla ya huzuni ilinijia hofu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi ndiye niliyemtoa yule dada wa ghorofa katika chumba chake, kwa karatasi moja niliyoiandika kwa mkono wangu, na sasa mtu wa kumwuliza alikuwa ameondoka.

Kwa msomaji asiyejua mambo ya mabweni, dada wa ghorofa ni mwanafunzi kama wale wengine, anasoma kama wao na mitihani inamtisha kama wao. Tofauti ni kwamba chuo humpa chumba bila malipo, naye hutunza ghorofa nzima. Anapokea wageni wapya, anapatanisha wanaogombania dirisha, anajua nani hajatoka chumbani tangu jana na kwa nini. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Metroni, yule mama msimamizi wa bweni lote, anamwona mtoto. Wenzake wanamwona askari. Binti huyu alikihitaji kile chumba kuliko wengi. Mamake alikuwa akiuza mboga sokoni Ruiru, na bila chumba cha bure masomo yangekuwa magumu kwao. Hilo nililijua, maana alinieleza mwenyewe siku ya kwanza, nikipiga deki naye akinishikia ndoo bila kuombwa.

Sasa, katika bweni lile kulikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: hakuna kupika. Lakini wanafunzi walikuwa na koili, vile vigae vya udongo vyenye waya unaowaka mwekundu, wamezificha chini ya vitanda, ndani ya masanduku, moja niliikuta imefunikwa kwa taulo ingali ya moto. Ikipatikana koili, mwenyewe anatoka bwenini, na dada wa ghorofa aliyemficha anapoteza chumba. Madada wengine walifanya mojawapo ya mambo mawili: kufumba macho, au kunyang'anya na kupeleka kwa metroni. Huyu alitafuta njia yake. Aliwaita wasichana wote kwenye chumba cha kufulia nguo, chenye sakafu ya saruji na dirisha kubwa, akawaambia, "Kila mtu alete koili yake hapa. Sitaki kujua ni ya nani. Kuanzia leo tunapika hapa, kwa zamu, mimi nikiwepo. Nikipata nyingine chumbani, hiyo naipeleka mwenyewe kwa metroni, na tusilaumiane." Akaziacha mbili za kutumia, nyingine akazifungia kabatini. Akaweka ndoo ya mchanga. Kila alasiri baada ya masomo alikuwa akikaa pale juu ya beseni lililopinduliwa, kitabu mapajani, na kila baada ya kurasa chache anainuka kuigusa soketi kwa nyuma ya mkono, kama mama anayepima homa ya mtoto.

Mimi nilijua tangu wiki ya kwanza. Harufu ya kitunguu haifichiki kwa mtu mwenye ufagio. Siku moja walinikamata mlangoni. "Mathe, kuja uonje hii ndengu kama imeiva." Nikasema niko kazini. "Kuonja pia ni kazi! Ama unataka tule mawe?" Nikaonja. Alhamisi iliyofuata nikaonja tena, na chapati. Kufikia katikati ya muhula nilikuwa na sahani yangu, ya bluu, yenye ufa pembeni, na wasichana wananicheka: "Aki Mathe, hiyo si kuonja, hiyo ni lanchi." Dada wa ghorofa hakucheka. Alikuwa akinipakulia wa kwanza, kabla ya wenzake, na kunisogezea ndoo niikalie. Nilikuwa natoka nyumbani alfajiri bila kitu tumboni, na sikumbuki kama nilimwambia. Pengine alijionea.

Kisha nyaya za bweni moja la jirani zikaungua. Hakuumia mtu, lakini woga ulienea, na metroni akatuambia wafanyakazi wote, kila mtu aandike anachokiona kwenye ghorofa yake, amletee kesho. Mimi nilikomea kidato cha pili. Siku zile hata barua ilinitoa jasho. Nilikaa na karatasi hiyo jioni nzima. Nikaandika kwamba ghorofa ya tatu inapika katika chumba cha kufulia. Nikaandika pia kwamba dada wa ghorofa anasimamia mwenyewe, kwamba mchanga upo, kwamba sakafu ni ya saruji na wanapika kwa zamu, kwamba vyumbani sijaona koili tangu alipoanza, na kwamba ndiyo ghorofa safi kuliko zote. Nilitaka iwe haki. Niliandika kwa sababu niliwaogopea wale watoto na moto, na niliandika pia kwa sababu niliiogopea kazi yangu. Hofu ipi ilikuwa kubwa, mpaka leo sijui, na sitajipendelea kwa kuchagua ile nzuri. Ila kuna kitu kimoja sikukiandika. Ile sahani ya bluu. Kalamu ilifika hapo ikageuka.

Hakuna aliyeniambia kitu. Muhula uliofuata nilipofungua chumba cha dada wa ghorofa nipige deki, nilikuta msichana mwingine. Sikuuliza. Nilijua, au nilidhani najua. Miaka michache baadaye nilikutana na dada yetu sokoni Ruiru, nikichagua viazi. "Mathe wangu!" Akanikumbatia mpaka viazi vikaanguka. Akaniambia amemaliza masomo, anafundisha. Kisha akaniangalia kwa jicho la utani, akauliza, "Na siku hizi unakula wapi?" Nilihisi kama amenichoma sindano. Nikajibu, "Nyumbani," nikalipa viazi haraka, nikasema nimechelewa. Nilikwenda nikijiambia: anajua. Anajua nilikula chake kisha nikamwandika.

Basi ndiyo maana kwenda kwenye maombi ya msiba, nyumbani kwao Gatongora, kulinipa shida. Nilifika nikakaa nyuma kabisa, karibu na masufuria, mahali ambapo mtu wa usafi hajiulizi afanye nini na mikono yake. Mamake alikuwa amekaa mbele, mkongojo ukutani, na sikuthubutu kumsogelea. Metroni wetu wa zamani ndiye aliyenikuta hapo nyuma. Amestaafu, amenenepa kidogo, sauti ni ileile. Tulipomaliza pole zetu nikaona nikinyamaza leo nitanyamaza milele. Nikamwuliza, "Metroni, ile ripoti yangu ndiyo iliyomtoa, siyo?"

"Ripoti gani?"

"Ya kupika. Ghorofa ya tatu."

Akanitazama kama mtu anayetafuta miwani. "Haiya! Yako ililetwa mchana. Yake niliikuta asubuhi, chini ya mlango wangu."

"Yake?"

"Kurasa mbili. Alijiandika mwenyewe, kila kitu, na kuniomba jambo moja, kwamba nikimtoa yeye nisiwatoe wasichana. Na sikumtoa. Nilimpa onyo, nikamwambia aendelee na kazi. Ni huyu mamake alivunjika nyonga likizo ile, binti akarudi hapa kumtunza, akawa anaenda masomoni kutoka nyumbani. Wewe ulifikiri ni wewe?"

Nikasema ndiyo, nilifikiri ni mimi. Nikavuta kreti, nikakaa. Metroni akaendelea, na sasa alikuwa karibu kucheka, msibani pale, mkono mdomoni. Ripoti mbili, akasema, za watu wasioshauriana, na zote zinataja mchanga, zinataja saruji, zinataja zamu. Alizipeleka kwa wakubwa, na ndiyo sababu leo kila ghorofa ya bweni lile ina jiko halali lenye nyaya zake. "Zilitofautiana mahali pamoja tu. Mwisho kabisa yeye aliandika: wafanyakazi wa usafi hawakuonja hata kijiko. Sasa mimi nikajiuliza, nani amemwuliza habari za wafanyakazi wa usafi? Mtu haandiki kwamba fulani hakula, kama kweli fulani hakula."

"Na hukuniita?"

"Nikuitie nini? Nilingoja uandike mwenyewe."

Simfanyi marehemu malaika. Alivunja sheria, na kama ile soketi ingewaka moto, leo ningekuwa naandika mengine. Aliandika pia uongo mmoja, katika kurasa mbili za ukweli, na uongo huo ulikuwa wa kunikinga mimi. Lakini namlinganisha na sisi wengine. Siku hizi kila kazi ina ripoti. Mlinzi anaandika, mwalimu anaandika, hata kwaya yetu ina fomu ya waliochelewa, na mabweni mapya yanayoota kila upande wa Ruiru yana kamera kwenye korido, ambazo sizipingi, zimesaidia mengi. Ila kamera haigusi soketi kwa nyuma ya mkono. Na sisi tunaoandika tunajua sana kutazama. Nyani haoni kundule, na mwenye kalamu haoni sahani yake. Binti wa miaka ishirini na kidogo, mwenye chumba cha kupoteza, alianza na jina lake mwenyewe akaishia hapo. Mimi, mtu mzima, nilianza na lake na langu sikulifikia.

Nilimwendea mamake mwishowe. Nilimwambia nilikuwa mama wa usafi kule bwenini. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akasema, "Wewe ndiye Mathe? Alikuwa akisema hajui kama yule mama siku hizi anakula." Hivyo lile swali la sokoni halikuwa sindano. Lilikuwa swali tu, na lilihitaji jibu zuri kuliko nililolitoa nikishika viazi.

Nilirudi nyumbani mwepesi, isipokuwa kwa hilo. Dawa ya goti niliifuata kesho yake. Na nimejifunza, kwa kuchelewa, kwamba ukiombwa uandike habari za mwenzako, uanze na sahani yako. Ukishaiandika hiyo, yanayobaki yatajinyoosha. Kwa hivyo naomba ile ripoti yangu isomwe upya, pamoja na mstari huu uliokosekana: ghorofa ya tatu, chumba cha kufulia, chapati mbili na ndengu, Alhamisi nyingi. Mathe naye alikula. Alipakuliwa wa kwanza.