Maji Mengi Hayanajisiki

Mwatime huwaosha wazee katika nyumba ya kulelea wazee huko Stafford, na kwa miaka minane hajawahi kumwonea mtu kinyaa. Lakini sikukuu moja shemeji yake, Abdulhafidh, alipowapeleka yeye na jamaa zake Dallas kutembezwa kwa boti kwenye mfereji wa mjini, alikunja pua. Maji yalikuwa kijani kama mlenda, na bata mfu akielea ubavuni mwa boti. Alasiri ikaingia. Shemeji akainama, akachota maji yaleyale, akasukutua, akatawadha.

“Maji mengi hayanajisiki,” alisema, kisha akatumbukiza mkono uleule, ungali unachuruzika, ndani ya bakuli la sambusa za Mwatime.

Mwatime akamsukumia bakuli zima.

“Kula zote, shemeji. Mimi nimefunga,” alisema, kikombe cha chai mkononi.