Vigelegele Nyuma ya Goli

Ligi ya watoto ya magongo ya barafuni, ile ya Riyadh na Jeddah, haina kitabu cha kumbukumbu. Waliokuwa wakiiendesha ni wazazi wenye kazi zao, na kila msimu ulipokwisha walisahau nani ameshinda, wakaanza upya kwa bashasha. Mimi sikusahau. Nilikuwa yaya wa mtoto mmoja katika ligi hiyo kwa misimu yote minne, na kwa misimu hiyo hiyo minne nilikuwa pia king'ora cha ligi yenyewe.

Msichana wangu nilimlea tangu ana miaka mitatu. Alikuwa na minane madam, mama yake, aliponiambia siku moja, nje joto la kuunguza nyayo, nimvalishe soksi nene tunakwenda kwenye barafu. Barafu niliyoijua mimi, mtu wa Mombasa, ni ya kulazia samaki sokoni na ya kutia kwenye juisi ya ukwaju. Nikaikuta imetandazwa kama sakafu ndani ya jengo la maduka, chini ya migahawa, na juu yake watoto wa watu wamevalishwa viatu vyenye makali kama visu, kila mmoja na gongo mkononi. Nilimwuliza madam kama baba wa nyumba analijua jambo hili. Akasema yeye ndiye aliyelipa ada.

Timu zilikuwa nne, mbili za Riyadh na mbili za Jeddah, wavulana na wasichana pamoja, wote chini ya miaka kumi na miwili. Msimu wa kwanza helmeti hazikutosha, kwa hiyo mtoto mmoja wa Jeddah alicheza na ya pikipiki. Kocha wetu alitoka nchi ya baridi kali na Kiarabu chake kilikuwa maneno mawili, yalla na halas, la kwanza la kuanza mazoezi na la pili la kumaliza. Refa alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Misri, mtu mpole, ambaye nadhani alijifunza kuteleza wiki ile ile. Sisi mayaya tulikaa upande mmoja na sweta zetu za soko la Batha juu ya abaya, tumejaa kama magunia ya mkaa.

King'ora cha kutangaza goli kilikufa kabla ya goli la kwanza. Watoto sita walirundikana mlangoni mwa goli, miguu juu, na kile kisahani cheusi wanachokigombania kikaingia kwa kugonga makalio ya mvulana mmoja wa timu yetu. Refa hakuona. Kocha hakuona. Mvulana mwenyewe hakujua. Niliona mimi, na mwanamke wa pwani haoni furaha akanyamaza. Nikapiga vigelegele.

Uwanja mzima ukasimama. Refa akaja akiteleza taratibu, mikono mbele kama anayetafuta swichi ya taa.

"Esh hada? Nini hiyo?"

"Goli," nikamwambia kwa Kiarabu changu cha jikoni.

"Umeona?"

"Kwa macho yangu haya."

Akaonyesha katikati ya uwanja, mchezo ukaendelea. Kisha akanirudia. "Wewe, ya ukhti, kaa hapa nyuma ya kioo cha goli. Ikiingia, fanya ile sauti. Isipoingia, mafi, hakuna sauti." Tangu siku ile hakuna aliyekumbuka kutengeneza king'ora. Watoto wenyewe walikataa kushangilia mpaka wanisikie. Nami niliichukulia kazi ile kwa uzito kuliko kazi iliyoandikwa kwenye ikama yangu, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi. Baba wa mtoto mmoja wa timu pinzani aliwahi kuniachia mkebe wa tende kwenye kiti. Nilizila zote, tende za Madina, tamu kweli, na mchana ule ule nikalikataa goli la mwanawe mbele ya ukoo wake.

Msimu ule walishinda Jeddah. Msichana wangu hakufunga goli hata moja, lakini hilo halikunisumbua. Mwaka mmoja si kitu.

Msimu wa pili wakaona haifai goli moja liwe na yaya na lingine liwe yatima. Nyuma ya goli la pili wakamweka Mkenya mwenzangu, dada wa kutoka Nyeri aliyefanya kazi kwa familia moja ya Jeddah na kusafiri na timu yao. Mtu mcheshi, mkubwa wa sauti. Na mzee mmoja Mbengali, aliyeendesha mashine ya kulainisha barafu, akapewa pia ubao wa magoli. Aliambiwa hivi: usitazame mchezo, utakuchanganya, hesabu tu vigelegele vya hawa wanawake wawili, uandike.

Mzee wa watu alihesabu.

Sasa, vigelegele vyetu vya Mombasa ni kitu kimoja kirefu, kinaanza na kuisha pumzi inapokwisha. Mzee akaandika moja. Lakini kwao Nyeri mtoto anapozaliwa vigelegele vina idadi, vitano kwa mvulana na vitatu kwa msichana, na mwenzangu hakuona sababu ya kubadilisha kanuni kwa ajili ya barafu. Mvulana akifunga upande wake, vitano. Mzee akaandika tano. Msichana akifunga, vitatu. Mzee akaandika tatu.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Jambo lile lilikwenda karibu nusu ya msimu bila mtu kuuliza. Wazazi walifurahia magoli mengi. Refa alikuwa akitazama miguu yake asianguke. Kocha wetu aliuona ubao vizuri sana, lakini alikiri baadaye kwamba alidhani ni sheria za nchi, akaogopa kuuliza asije akatukana mila za watu. Badala yake akafanya mpango. Timu hubadilishana pande mchezo unapoendelea, kwa hiyo akaanza kuwaambia watoto wapumzike wanaposhambulia upande wangu na wafe wanaposhambulia upande wa mwenzangu. Makocha wa Jeddah nao wakagundua hivyo hivyo. Ikafika mahali nyuma ya goli langu ningeweza kulala usingizi, na upande wa pili watoto wanakanyagana kama watu wa bure.

Aliyelipua mambo ni madam mmoja wa Jeddah ambaye binti yake alifunga goli safi akapewa tatu, na dakika mbili baadaye mvulana wa jirani yake akafunga kwa bahati akapewa tano. Kikao kikaitishwa pale pale kwenye mgahawa wa juu. Nakumbuka kwamba hoja ya kwanza haikuwa kurudisha hesabu kuwa moja. Hoja ya kwanza ilikuwa wasichana nao wapewe tano, na ilikaribia kupita. Ndipo mwalimu wa hesabu alipoinua macho kutoka kwenye chai yake, akauliza kwa upole tano za nini.

Mwenzangu aliitwa kujieleza. "Mimi sijui mambo ya hockey," akasema, ameshika kiuno. "Najua mambo ya ngemi, hivi vigelegele. Mtoi wa kiume ni tano, wa kike ni tatu. Hiyo ndiyo official, hata cucu, nyanya yangu, alikuwa anafanya hivyo. Kama kuna mtu alikuwa anacount, shauri yake."

Matokeo ya nusu msimu yakafutwa, na mzee akaambiwa goli ni moja hata vigelegele viwe vitano. Bingwa akaamuliwa kwa mechi moja, tukashinda sisi Riyadh, tukapewa kombe lenye ngamia juu yake kwa sababu kwenye duka moja la Batha kombe pekee lililobaki lilikuwa la mashindano ya ngamia. Msichana wangu alilibeba. Hakuwa amefunga goli.

Usiku ule aliniuliza, "Dada, wewe utanipigia lini?" Aliniita Dada akidhani ndilo jina langu, na Kiswahili alichonisemesha nilimpa mimi mwenyewe, pamoja na uji. Nikamwambia msimu ujao, inshallah.

Msimu wa tatu uwanja wa Jeddah uliyeyuka. Mitambo ya baridi iliharibika, fundi akaitwa kutoka mtaa wa Al-Mahjar, na fundi alipofika alikuta mechi inaendelea katika maji ya vifundo vya miguu, golikipa mmoja ameketi ndani yake akipiga maji kwa mikono kama yuko ufukweni Korniche. Tulitoka sare. Mechi zote zilizobaki zikahamishiwa Riyadh, watu wa Jeddah wakasema tumewaroga. Huo ndio msimu wa tatu, hauna mengi zaidi, isipokuwa kwamba ndani yake niligundua kosa langu.

Msichana wangu alijua kuteleza kuliko wenzake wote. Alikuwa mwepesi, ana jicho, gongo limemkaa mkononi. Lakini akikutana na mtoto aliyemzidi kimo, alimpisha. Akigongwa, alisema samahani. Siku moja alibaki peke yake na goli, golikipa ameanguka, lango liko wazi hata ng'ombe angepita. Akasimama, akaweka gongo chini, akamwinamia golikipa kumwuliza kama ameumia.

Nyuma ya kioo nikajua ile ilikuwa kazi yangu. Ni mimi niliyemfundisha kumpisha mkubwa mlangoni. Ni mimi niliyemwambia mtu akianguka humpiti. Miaka yote ile madam alikuwa akinisifu kwa wageni kwamba nimemlea mtoto na adabu, nami nikivimba kichwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nasi tulikuwa tumelea bibi harusi tukampeleka vitani.

Nikaanza kumtengua. Kila alasiri kwenye korido ya nyumba nilisimama na ufagio, yeye na gongo lake na soksi miguuni, amri ikiwa ni moja, anipite.

"Usinipishe! Mimi si mtu, mimi ni kabati!"

"Samahani, Dada."

"Usiombe samahani kwa kabati!"

Madam alitukuta siku moja nimelala chali, ufagio umevunjika, na msichana ananipangusa vumbi la abaya huku akiniombea radhi. Alitazama, akarudi chumbani. Tulivunja pia birika moja, lakini hilo halihusu ligi.

Msimu wa nne ulikuwa wa mwisho kwake. Angetimiza miaka kumi na miwili mara tu baada yake, na kwa wakubwa hapakuwa na timu ya kumpokea. Alilijua hilo na nililijua. Alihesabu mechi zilizobaki kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kabati la nguo, na kila tuliporudi bila goli alikata moja kwa kalamu. Siku hizo nilisali sala ambazo sijui kama zinafaa. Nilimwomba Mungu ampe mtoto wa watu ukatili kidogo.

Ikabaki mechi moja, fainali, sisi na Jeddah. Mbili kwa mbili. Nikiwa nyuma ya kioo changu nikamwona anakuja kutoka katikati na kisahani mbele ya gongo. Akatokea mvulana wa kwanza, mrefu. Hakumpisha. Akatokea wa pili, akampiga bega, yule akakaa chini, na midomo ya msichana wangu haikusema samahani. Nilikuwa nimekwisha anza kulia. Akapiga. Kisahani kikapita chini ya mguu wa golikipa, kikaja kwangu kinateleza polepole, polepole, kama mtu anayetafuta nyumba ya mwenyeji wake. Kikafika kwenye mstari mwekundu wa goli. Kikasimama juu yake.

Nilikiona. Hakikuvuka. Mdomo wangu haukuningoja. Nilipiga vigelegele ambavyo sijapata kupiga hata kwenye harusi ya ndugu yangu, na nilipoishiwa pumzi nikavuta nyingine nikaendelea, nikaongeza na asiye na mwana aeleke jiwe. Refa, ambaye misimu minne hakuwahi kunitilia shaka, akaonyesha katikati ya uwanja. Mzee wa ubao akaandika. Madam alikuwa amesimama juu ya kiti.

Msichana wangu peke yake hakushangilia. Alikuwa karibu na mlingoti wa goli, anatazama chini. Kisha akaja mpaka kwenye kioo, akakigonga kwa gongo.

"Dada. Hakijaingia."

"Kimeingia."

"Dada."

Akageuka, akateleza mpaka kwa refa, akamvuta mkono wa shati. "Ustadh, mafi goli." Mwalimu wa hesabu akanitazama kwa mbali, vile mwalimu anavyomtazama mwanafunzi wake bora aliyemkuta ananakili. Goli likafutwa. Kabla ya mchezo kwisha Jeddah wakafunga lao, halali kabisa, na upande wa pili mwenzangu akapiga vitano.

Katika chumba cha kubadilishia nguo nilipiga magoti mbele ya msichana wangu, nikaanza kufungua kamba za kiatu cha kwanza. Zilikuwa zimelowa. Nilikuwa nimeshatunga uongo, kwamba kioo kilikuwa na ukungu.

"Kwa nini ulipiga?" akauliza.

"Nilitaka sana uingize."

Nikavuta, kiatu kikatoka.

"Hata mimi," akasema. Akaanza kulia, akaninyooshea mguu wa pili.