Odhis na matundu ya hewa ya kiwanda cha sabuni

Moyo wangu bado unakataa kwamba Odhis hayupo. Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi. Najua kilichomuua.

Kule Makina, mtaani kwake, wanasema ni stima, kwamba umeme ulimpiga. Wengine wanasema wezi walirudi. Si stima, na si wezi.

Ninyi tuliokuwa nanyi klabu ya sayansi mnajua mimi si mtu wa kuongea. Kuandika naweza. Ndiyo maana nimeomba kompyuta ya ofisi ya mradi wa betri, ile inayotuma barua kwa laini ya simu, niwaandikie nyote mara moja kabla hawajaipakia kwenye lori.

Kwa mliohama Nairobi: tulipomaliza Form Four, mimi na Odhis tulipata kibarua. Mradi ulitafuta jengo la kuweka betri kubwa nyingi pamoja. Zingejazwa stima usiku watu wakiwa wamelala, halafu mchana ikipotea, wachomeleaji, vinyozi na wenye posho mill za kusaga unga hapa mtaa wa 46, Kawangware, waendelee na kazi. Sisi tulimsaidia Injinia wa mradi kukagua kiwanda cha sabuni kilichofungwa zamani, aandike ripoti kama saiti inafaa.

Odhis alivua viatu akatembea sakafu nzima, kutafuta penye unyevu na penye mwinamo. Nikamwambia atakanyaga msumari. Akasema, "Neke, wewe andika. Huu mguu ndio spirit level."

Alizoea kunichokoza kwamba sauti yangu inahitaji kuchajiwa. Wenye vibanda pale getini aliwaambia mimi ndiye bosi, nanyamaza tu kwa sababu ya cheo. Nilitamani ardhi inimeze. Sasa hakuna wa kunisemea.

Kila asubuhi alikuja kwa miguu kutoka Makina hadi Kawangware. Injinia alikuwa amemwahidi kazi ya kudumu ya kutunza betri kama saiti ingepita. Odhis alishachagua hata nyumba ya kumhamishia mama yake, aliyemwita mathe, ya mawe, isiyovuja.

Kiwanda kile ni cha mawe pia. Madirisha yalizibwa kwa matofali miaka mingi iliyopita, yakabaki matundu ya hewa tu, juu ukutani. Injinia alisema yabaki wazi kwa sababu betri ikichajiwa hutoa gesi. Halafu akaenda kukagua saiti nyingine, akatuachia betri za majaribio.

Mwizi akapitisha ndoano kwenye tundu moja akavuta waya za shaba. Odhis alizunguka jengo mchana kutwa, hakula. Aliniambia wakiiba tena, tumeanguka kwa security, na ripoti imekwisha.

Ninyi mmekulia huku. Mngefanya nini? Vibanda vyetu vya kuchaji betri za TV hufungwa kwa ndani, mwenyewe analala juu ya betri, na anaamka mzima. Lakini vibanda vyetu ni vya mabati. Vinapumua vyenyewe, hata tukivikataza. Hilo sisi wawili hatukulifikiria.

Mama yake Odhis hushona magunia ya makaa pale Makina. Odhis alimwomba magunia mazito ya kuzuia wezi. Mama akashona kila gunia tabaka mbili, kwa uzi wa nailoni, akamfungia na viazi vitamu vya kula kazini. Odhis akayapigilia kwenye matundu, akakandika udongo pembeni. Aliniita nione. Alikuwa akijivunia mkono wa mama yake.

Betri zikaachwa zikichaji. Asubuhi iliyofuata nilikuwa nje nimeshika kamba, tunapima umbali hadi kwenye transfoma. Odhis akaingia peke yake kutoa klipu za chaja, stima ikiwa bado inawaka, jinsi watu wote wanavyofanya mtaani.

Ulisikika mlipuko kama tairi la lori. Mlango ukaanguka nje.

Hospitalini walikuwa wamemfunga bandeji uso mzima. Nilisimama kando ya kitanda. Akasema, "Huyu asiyeongea ni Neke."

Kisha akaniambia polepole kwamba amefikiria yote. Gesi ilikosa pa kutokea, na klipu ikatoa cheche. Akatafuta mkono wangu.

"Mathe asijue ni yale magunia. Sawa?"

Nikasema sawa. Nilisema kwa sauti, apate kusikia. Mama yake alipofika na uji, alikuta kitanda kimeshatandikwa upya.

Injinia ameandika haifai. Betri zimebebwa. Wenye vibanda wananiuliza wenye mradi watarudi lini, nao hawarudi. Stima ikipotea 46, imepotea tu.

Matangani mama yake Odhis alinivuta nyuma ya nyumba. Akasema, "Nekesa, wewe ulikuwako. Niambie ukweli. Magunia yangu yalishika, ama mwizi aliyapasua akaingia kwa mtoto wangu?"

"Yalishika, mama."

Akashusha pumzi, akanishukuru. Kila nikipita Makina ananiuliza tena, nami najibu vilevile, na kila mara napungukiwa na kitu ndani.

Nimewaandikia kwa sababu baadhi yenu mtapata kazi kama yetu. Acheni hewa ipite, hata mwizi akichukua kila kitu.

Odhis, pumzika, rafiki yangu. Nilikuwa na mengi ya kukwambia, nikayaweka hadi siku nitakapopata ujasiri. Ulale bila maumivu.

Na ninyi, mkishasoma, futeni. Mama hana kompyuta, lakini maneno hufika Makina yenyewe. Mkikutana naye atawauliza, anauliza kila mtu. Tafadhali, mwambieni yalishika, na msiongeze neno.